Mlinzi wa Chumba cha Nne

Kila Jumatano jioni, kiingilio cha jumba la sanaa kikiwa bure, Nuria alipanda basi kutoka Flemingdon Park, mtaa wao huko ughaibuni, na kumkuta mlinzi palepale chumba cha nne, mikono nyuma, kidole gumba kikisuguasugua kiganja. Mzee huyo alikuwa na lafudhi ya Tanga na kiatu kimoja kilicholia kila hatua. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kuiona ngome yetu?" Kisha alinyoosha kidole, bila kuigusa picha ya ngome iliyotundikwa ukutani, akamtembeza: huku mawimbi yakipiga ukuta, kule kidirisha cha wafungwa, na kushoto mnara wenye bendera. Hakukosea hata siku moja.

Jumatano hii alinyoosha kidole vilevile. "Uone mnara ulivyosimama!" Nuria akatazama, akatazama tena. Picha ilikuwa nyingine. Ngome ni ileile ya pwani, ila mchoraji huyu aliichora karne nyingi baadaye, ikiwa gofu. Pale kushoto palikuwa na kifusi na mbuzi wawili. "Ndiyo, babu," alisema. Kidole kikashuka polepole. "Mbona umechelewa kujibu? Wameibadilisha?" "Wameibadilisha." "Bosi yuko wapi?" "Mlangoni. Anatuangalia." Mzee akainamisha kichwa kumkaribia. "Macho yamekwisha, mwanangu. Wakijua, kazi sina. Nisomee iliyopo, upesi." Viatu vya bosi vikaanza kusogea. "Mnara umeanguka," Nuria alinong'ona. "Mbuzi wawili, mmoja mweusi." Midomo ya mzee ikarudia bila sauti: mmoja mweusi, mmoja mweusi.