Gobore Lililoanza Kukosa Shabaha

Orpha Stidham hakulia siku ya maziko ya mumewe, wala hakulia baada yake. Watu wa bonde la Turkey Fork, kule milimani Kentucky, walisubiri. Wanawake wa kanisani walimletea masufuria ya maharagwe na mikate ya mahindi, wakaketi naye sebuleni wamepakata mikono, wakimtupia jicho la pembeni kuona kama leo ndiyo siku yenyewe. Yeye aliwashukuru, akaosha vyombo vyao, akawarudishia vikavu. Ndani hamkuwa na kitu. Alijihisi kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini ukiufinya haujibu.

Alikuwa amepika shuleni mpaka akastaafu, mwanamke mrefu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Hobart, mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mgodini, na akipata nafasi alitengeneza magobore. Alilolipenda kuliko yote lilikuwa na mtutu mrefu wa pembe nane na kitako alichokichonga mwenyewe majira mazima ya baridi. Kwa miaka mingi yeye na mkewe walilitumia kwa zamu kwenye mashindano ya klabu ya walenga shabaha. Hobart akipiga anapangusa mtutu, Orpha anapokea. Halafu Februari, asubuhi, Hobart akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, moyo wake ukasimama.

Mwezi Mei klabu ikaandaa mashindano ya kumkumbuka. Clell, mdogo wake Hobart, alikuja na gari mpaka mlangoni.

"Shemeji, twende. Usipokuja wewe hayo si mashindano ya Hobart, ni wazee tu wanachafua hewa."

"Nakuja," Orpha akasema. Angesema hivyo hivyo hata kama angeambiwa waende wakatazame nyasi zikiota.

Alishindilia gobore kama alivyofanya siku zote. Baruti iliyopimwa, kisha kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta juu ya mdomo wa mtutu, kisha risasi ya duara juu ya kitambaa, halafu mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ukasukuma vyote mpaka chini. Akaweka fataki ya kuwasha baruti, akalenga, akafyatua. Risasi ya kwanza ilitoboa pembe ya juu ya karatasi. Ya pili ikaenda chini, kushoto. Iliyofuata hawakuiona ilikoangukia.

Wendell Napier, mlenga shabaha hodari wa klabu, akavua kofia. "Ni machozi hayo, Bi Orpha. Jicho lenye machozi halioni mbele. Pumzika kidogo."

"Mwacheni shemeji yangu," Clell akasema. "Mimi mwenyewe leo hata ng'ombe nikisimamishiwa hapo namkosa."

"Wewe Clell huyo ng'ombe ungemkosa hata ukiwa umempanda!" mtu akadakia kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Orpha alikuwa akiutazama mkono wake. Haukutetemeka. Maishani mwake haukuwahi kutulia namna ile. Hamu ya kushinda, wasiwasi, haya ya kutazamwa, vyote vilikuwa vimeondoka, na kidole kilivuta kifyatulio kama kidole cha mtu mwingine. Macho yalikuwa makavu kama unga.

"Si mimi," alisema. "Ni gobore."

Wazee wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa polepole, vile watu wanavyomwitikia mjane ili yaishe. Kutazamana kule ndiko kulikompeleka kwenye malisho ya nyuma ya nyumba wiki iliyofuata, amebeba meza ndogo na mfuko wa mchanga wa kuegemezea mtutu. Ungemuuliza kama amekasirika angekujibu hapana. Hakutaka tu kuambiwa analia na hali halii.

Alipiga, kisha akatembea mbele kuokota vitambaa kwenye nyasi. Kitambaa kikitoka salama unakiokota kizima, kina alama nyeusi ya duara katikati na nyuzi kidogo pembeni. Kazi yake ni kuibana risasi, ili mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu iizungushe na iende moja kwa moja. Vyake vilikuwa vimeungua kama mkate uliosahauliwa jikoni, na vingine vimechanika vipande vipande. Risasi zilikuwa zikitoka zimelegea, kila moja inakwenda inakotaka.

Alijua namna ya kutafuta kosa. Jikoni shuleni, mkate ukigoma kuumuka, hubadilishi unga na hamira na moto siku moja, maana ukipona hutajua kilichouponya. Akaanza na baruti, akaipunguza. Matundu kwenye karatasi yakasogeleana kidogo, vitambaa vikaendelea kuchanika. Akairudisha baruti kama ilivyokuwa, akageukia kitambaa. Alichonunua kilikuwa kigumu kwa wanga wa dukani. Akakifua kwa maji ya moto, akakianika, akapiga. Hapana. Akatafuta kingine kinene zaidi, cha mistari, kile cha kushonea magodoro. Kilishuka kwa tabu, akalazimika kuulalia mdeki kwa uzito wa mwili, lakini nacho kilirudi kimepasuka. Akabadilisha mafuta: akayeyusha shahamu ya ng'ombe na nta ya nyuki kidogo, akapaka mpaka vidole vikang'aa. Vitambaa vikaacha kuungua, ila vilichanika vile vile.

Siku zilikuwa zinakwenda namna hiyo. Asubuhi malishoni, mchana jikoni akipitisha maji ya moto kwenye mtutu, jioni kitandani akitazama dari. Mtu akipita barabarani akasikia mlio, alisema, mama wa watu anahangaika. Hakuwa anahangaika. Alikuwa anapiga na kuokota.

Kikabaki chuma chenyewe. Akachukua soksi kuukuu ya nailoni, akaizungusha kwenye mdomo wa mtutu kusikia kama kuna ukali unaonasa uzi. Ilipita laini. Basi akahakikisha mtutu ni mtupu, akafunga kitambaa kikavu kwenye ncha ya mdeki na kuusukuma ndani taratibu, macho ameyafumba. Ulishuka vizuri, vizuri, vizuri, na karibu kabisa na mwisho ukakwaruza, kama ulimi unapokutana na jino lililovunjika. Alipoutoa, kitambaa kilikuwa na rangi ya hudhurungi na kimetoboka.

Akampigia simu Clell.

Clell alikuja na kijitaa kidogo kama punje ya haragwe, wakakidondosha ndani ya mtutu kwa waya. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Kutu," alisema. "Imekula pale chini inapokaa baruti. Ina vishimo vyenye makali. Kitambaa kinakaa pale, ukifyatua kinachanwa hata safari haijaanza."

"Kutu itoke wapi?"

"Masizi ya baruti, shemeji. Yakiachwa yanavuta unyevu. Mtu kapiga, kaweka ukutani bila kuosha."

"Lilipigwa mara ya mwisho Novemba, kwenye mashindano ya kugombea bata mzinga," Orpha akasema. "Na aliyelirudisha ukutani ni Hobart. Clell, Hobart huyu huyu? Mtu aliyekuwa tayari mimi nilale na homa, lakini gobore liwe limeoshwa?"

Clell alikaa kwenye ngazi ya baraza, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Kuna jambo nilitakiwa nikwambie."

"Sema."

"Oktoba alinipigia kutoka kituo cha mafuta, ile barabara ya kwenda Jackson. Barabara aliyopita maisha yake yote. Nikamkuta amekaa ndani ya gari, injini inanguruma, hajui nyumbani ni upande gani. Akafanya mzaha. Halafu akanikamata ukosi, akasema nikikwambia, undugu wetu umekwisha."

"Alikwenda kwa daktari?"

"Nilimpeleka mimi. Daktari akasema ndiyo imeanza, akili itakuwa inamtoka kidogo kidogo. Hobart akasema Krismasi ikipita atakueleza mwenyewe."

"Krismasi ilipita."

"Ndiyo, shemeji," Clell akasema. "Ilipita."

Orpha alikumbuka jioni ile ya Novemba. Hobart alisimama barazani ameshika birika linalotoa mvuke, gobore limeegemea ukuta, uso wake kama wa mtu aliyepotea njia. Akauliza, "Orpha, haya maji ya nini?" Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa anamenya, akajibu, "Ya kahawa, mzee, kama umeamua kunitengenezea mkeo." Wakacheka. Hobart akatengeneza kahawa kwa maji yale ya kuoshea mtutu, wakainywa mezani, wakazungumzia bata mzinga ambaye Wendell alijishindia. Alikuwa mchangamfu. Orpha alilala akifikiri ilikuwa jioni nzuri.

Alisubiri maumivu yaje. Aliyasubiri kwa nia kabisa, amesimama pale barazani, kama mtu anayesubiri chafya. Hayakuja.

"Madini ya risasi ya kuyeyusha unayo?" akauliza.

"Nini?"

"Tutausugua huu mtutu. Njoo Jumamosi, na uje na unga wa kusugulia, ule laini."

Clell alikuja. Walifungua kizibo cha nyuma, wakaingiza fimbo ya chuma ndani ya mtutu, wakaizungushia risasi iliyoyeyuka, ikaganda humo humo na kuchukua umbo la mifereji. Wakaipaka mafuta na unga wa kusugulia, wakaanza kuvuta na kusukuma, Orpha upande huu na Clell upande ule, kama watu wanaokata gogo kwa msumeno. Ilikuwa kazi ya mchana kutwa. Katikati yake Clell akaanza kulia, kwanza kwa kuvuta kamasi, kisha waziwazi, mabega yanaruka.

"Unalia nini sasa?"

"Wewe hulii! Lazima mtu alie!"

"Basi lia huku unavuta."

Akavuta, na machozi yakimdondokea shatini. Walipochoka wakabadilishana upande. Jua lilipoingia nyuma ya mlima waliosha mtutu, wakachungulia. Vishimo vilikuwa bado vipo, vile havifutiki, lakini makali yake yalikuwa yameondoka.

Asubuhi ya Jumatatu alipiga peke yake malishoni. Kisha akatembea mbele, akainama. Kitambaa kilikuwa kizima. Na cha pili kizima, na vingine vyote, vimelala kwenye nyasi na alama zake nyeusi za duara kama vile hakuna kilichowahi kutokea. Kwenye karatasi matundu yalikuwa yamegusana, ungeyafunika yote kwa kikombe cha kahawa. Orpha akaviweka vitambaa kwenye mfuko wa aproni. Alisema kwa sauti, "Haya, Hobart," kisha akasimama akisikiliza kama kuna kitu kitafuata. Upepo ulipita kwenye uzio. Akakunja meza.

Vuli ilipofika klabu ilichinja ng'ombe wa kushindaniwa kwa shabaha, kama kila mwaka, washindi wakichagua nyama kwa zamu. Wendell alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyeshangaa. Orpha alikuwa wa tatu, akachukua mguu wa mbele. Wendell alimbebea mpaka garini, akasimama akikuna shingo.

"Lile gobore, Bi Orpha. Lilikuwa na nini?"

"Kutu."

"Na mimi nilisema machozi."

"Ulisema."

Wendell akangoja kama kuna zaidi, akaona hakuna, akagusa ukingo wa kofia na kuondoka. Clell alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, lakini hakuwasha gari. Alikuwa akibandua utepe uliochakaa kwenye usukani.

"Shemeji, nikuulize. Bado umenikasirikia? Kwa kunyamaza kule?"

Orpha alilifikiria swali, kwa sababu lilikuwa swali la haki na lilistahili jibu la kweli.

"Ningejua kama nimekasirika, ningekwambia," alisema.

Clell akaitikia kwa kichwa, akawasha gari. Walishuka bonde. Walipofika kwenye daraja, Orpha akamwambia aje kula Jumapili, maana mguu wote ule wa ng'ombe angeumaliza na nani.

Alikuja, amechana nywele kwa maji. Alikula sahani mbili, akasifu nyama. Orpha alikula moja. Alipofika katikati ya sahani aliona kwamba chumvi imezidi, akashangaa kidogo kwa kuliona hilo, maana tangu Februari hakuwa amehisi ladha ya chochote. Akamsogezea Clell jagi la maji, wakaendelea kula.