Mikono ya Kajuju na Maneno ya Herufi Saba

Mwandishi wa makala haya alishinda siku nzima katika banda la miraa la Kangeta akitazama mikono ya Gladwell Kajuju. Alihesabu mafungu, akapiga picha, akajaza kurasa sita za daftari. Hakutazama midomo. Laiti angeitazama, angeona kwamba ilikuwa ikicheza muda wote.

Saa mbili asubuhi ya siku ya pili, Kajuju ameketi juu ya gunia, lundo la miraa iliyochumwa alfajiri likiwa mbele yake. Mkono mmoja unachambua, mwingine unakusanya: vijiti virefu huku, vifupi kule, vilivyonyauka nje. Anafunga kwa kamba ya mgomba, anaweka kando, anaanza tena. Gari la mnunuzi huondoka saa sita, na kinachobaki hakina bei kesho yake.

"Kitchen," ananong'ona. "Blanket. Thinker. Network."

Ni maneno ya Kiingereza yenye herufi saba, na katika kila moja zimo K, N na T.

Kajuju, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, aliacha shule akiwa kidato cha pili, baba yake alipougua. Kazi hii humpa kati ya shilingi 400 na 600 kwa siku. Kamusi yake imepoteza kurasa za mwanzo. Inaanzia katikati ya herufi C.

"Hayo ya A na B nilitafuta kwa Biblia ya Kiingereza," anasema. "Mimi napanga maneno kama miraa. Ya saba pamoja, ya nane pamoja. Ukichanganya ndefu na fupi, nani atanunua?"

Kila Jumamosi, kituo kimoja cha redio mjini Embu huendesha shindano. Mtangazaji hutaja herufi tatu na urefu wa neno. Anayepiga simu ana dakika mbili za kutoa maneno matano ya Kiingereza yenye herufi hizo. Kwa kuwa Kajuju hawezi kuacha kufunga, jirani yake bandani, Purity, hupiga kwa niaba yake na kumshikia simu sikioni. Hivyo ndivyo alivyoshinda mara kumi na moja.

Mara ya kumi na mbili, mtangazaji, aitwaye Mbogo, alimkatiza hewani.

"Mama, huko nyuma kuna mtu anakusomea. Namsikia akinong'ona."

"Hapana, Bwana Mbogo. Ni Purity anahesabu miraa."

"Anahesabu miraa!" Mbogo alicheka. "Hata mimi niko na simu ya kutafuta maneno."

Nambari yake ilifungiwa. Wiki hiyo hiyo, kikundi cha akina mama kanisani, alichokuwa katibu wake kwa miaka kumi na miwili, kilimwomba arudishe kitabu cha kumbukumbu hadi jina lake lisafishwe.

"Kitabu kilitoka kwangu kikiwa safi," anasema, bila kuinua macho. "Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeniuliza."

Alikiandikia kituo barua ya mistari minne, akiomba ajaribiwe ana kwa ana. Mwezi wa Agosti, kituo kilipowaalika wasikilizaji katika ukumbi mmoja mjini Embu, aliitwa.

Alikwenda na Purity. Alivaa nguo yake ya Jumapili na kusugua vidole kwa limau hadi doa la utomvu likatoka. Akaiweka simu yake mezani, mbele ya Mbogo, ikiwa imezimwa.

Herufi za kwanza zilikuwa M, P na L, neno la herufi sita. Kajuju akasema, "Simple." Mikono yake ililala juu ya meza kama ya mgonjwa. Dakika mbili zikaisha akiwa na neno hilo moja tu.

"Leo hakuna network, mama!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Ndipo Kajuju alipoona kwamba vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa meza, vikitafuta kijiti.

"Bwana Mbogo, naomba kitu cha kufunga."

"Kufunga nini, mama?"

"Chochote. Hii mikono haijazoea kukaa bure."

Mwanamke mmoja aliinuka, Eunice, mchuuzi wa mboga kutoka Ishiara, akamwaga majani ya kunde mezani, yakiwa na mashina yake. "Funga hizi, mama. Lakini usinivunjie, bado nauza."

Mbogo akatoa herufi nyingine: G, H na R, neno la herufi saba. Kajuju alikuwa tayari anatenga mashina marefu na mafupi.

"Drought," alisema.

"Huo ukame tunaujua Ishiara!" Eunice akaitikia.

"Brought. Freight. Hearing." Akakaza fundo. "Charger."

Ukumbi ulicheka tena, safari hii pamoja naye. Lakini Mbogo hakucheka. Alikuwa amegeuka kuelekea ukutani, alikoketi Purity. Macho ya Purity yalikuwa kwenye mafungu ya kunde yaliyokuwa yakiongezeka mezani, na midomo yake, bila yeye kujua, ilikuwa ikinong'ona: "Tatu… nne… tano…"

"Ni sauti ile ile," Mbogo alisema polepole.

"Aki, kwani nilikuwa nahesabu?" Purity akauliza, akiziba mdomo.

Jumamosi iliyofuata, Mbogo aliomba radhi hewani, akitaja jina kamili la Kajuju, na nambari yake ikafunguliwa.

Kajuju sasa anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka ujao kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hofu yake si maswali. "Huko hawaniruhusu kuingia na kunde," anasema. "Kwa hivyo kila jioni nakaa nusu saa, mikono juu ya meza, nasoma bila kufunga kitu. Jana nilipata maneno tisa."

Kitabu cha kikundi kiko tena nyumbani kwake. Siku za Jumamosi Purity bado humshikia simu. Ila siku hizi anahesabu kwa sauti.