Uso kwenye Barua ya Baba

Katika saiba ninayofanyia kazi hapa Kitale, kibanda cha kompyuta na printa, nimeandika hati za kila aina: maombi ya kazi, mapatano ya kuuza shamba, ratiba za mazishi. Na sifichi, nina ugonjwa wa kutia vile vikatuni vya nyuso. Unabonyeza vitufe viwili, kidirisha kinafunguka, unachagua: anayecheka, anayekonyeza, anayelia. Mwalimu mmoja aliwahi kunirudishia mtihani wa darasa la nne kwa sababu niliweka uso wenye miwani karibu na "Kila la heri." Sikujuta. Karatasi ilikuwa imenuna mno.

Basi kakangu akapata mchumba kule Bumula, upande wa Bungoma. Kwetu mtu haendi kuposa hivi hivi. Barua hutangulia, husomwa kwa sauti mbele ya wazee wa msichana, nao ndio hutoa siku ya kuwapokea wageni. Wasipotoa siku, hakuna harusi. Kakangu alishaanza kukonda kwa kungoja.

Baba alikuja saibani na kofia yake ya kanisani, akakaa nyuma yangu, akanitajia maneno ya kuandika kama chifu anayetoa tangazo. Baba si mtu wa meno nje. Nyumbani tulijua amefurahi akinyamaza. Lakini alipofika kwenye "tunaomba binti yenu awe binti yetu," niliona sura yake kwenye kioo cha kompyuta: alitabasamu. Kidogo tu, kisha akakohoa na kutoka nje kupokea simu. Mkono wangu haukusikia la mtu, nikauweka uso unaocheka pale pale. Aliporudi hakuwa amevaa miwani ya kusomea. Akatia sahihi, bahasha ikafungwa.

Shangazi ndiye aliyeipeleka, nami nikafuatana naye. Mjomba wa msichana, mwalimu mstaafu, aliisoma akiheshimu kila mkato na kila nukta. Ghafla akasimama.

"Hapa kuna uso."

"Uso ya nani?" mzee mmoja akauliza.

"Haijaandikwa. Inacheka tu."

"Ati inacheka? Inacheka nani?"

Karatasi ikazunguka mkono kwa mkono. Printa yetu ina wino mweusi tu, kwa hivyo uso ulikuwa umetoka wa kijivu, kama mgonjwa. Mzee mwingine akasema mtu haji kuomba msichana huku akiwacheka wenyewe. Shangazi alinitazama. Niliona aibu, niliogopa, na nilimwona kakangu akizeeka bila mke kwa sababu ya kidole changu.

"Ni mimi niliweka," nikasema. "Baba hajui. Lakini si mzaha, wazee wangu. Alipokuwa akisema hayo maneno alitabasamu, na baba hatabasamu ovyo. Niliona karatasi itawaficha hiyo."

Nyanya wa msichana, aliyekaa pembeni, akaomba barua. Akaisogeza karibu na macho, akaugusa ule uso kwa kidole.

"Basi akuje," akasema. "Jumamosi ijayo. Lakini akuje na hii uso. Akikuja na ingine, arudi nayo."

Nyumbani nilimwambia baba siku. Habari ya uso niliimeza. Jumamosi akashuka garini na suti na ile kofia yake, amekaza sura kuliko siku zote, kakangu nyuma yake akijipangusa jasho. Nyanya alikuwa langoni, barua mkononi. Akamtazama baba, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Si huyu," akasema.

Baba akanigeukia. Sikuwa na pa kujificha, nikamwonyesha pale chini ya kidole cha nyanya. Akavaa miwani, akasoma mstari wote polepole mpaka akaufikia uso. Baba akakohoa mara moja, akakohoa mara ya pili, ikamshinda. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, na mimi, bintiye wa miaka yote hiyo, ndipo nikaona kwamba baba ana pengo.