Upepo wa Kupepetea

Mama yangu anamdharau mtu anayepepeta maharage akiwa amekaza mikono. Husema huyo anagombana na ungo. Kazi ni ya upepo. Wewe unarusha juu na kupisha, basi. Punje nzito itarudi ilipotoka na makapi yataenda yanakotaka. Mimi nimezaliwa na mikono ya kukaza, kwa hiyo utoto wangu wote nilipewa kazi ya kuchota maji.

Anao pia mluzi wake. Kwetu, yaani kwa sisi ambao wazazi wetu walikimbia kutoka Burundi wakaja kulima hapa Kaniha, mwanamke hapigi mluzi. Mama naye hapigi, ila siku ya kupepeta upepo ukigoma. Hapo huhakikisha kwanza kwamba hakuna mwanamume karibu, kisha hupiga mluzi mwembamba na kuuambia upepo, "Ngwino," njoo, kama anaita mbuzi. Mara nyingine unakuja. Usipokuja huulaumu kwa Kirundi, na maneno hayo siwezi kuyaandika.

Macho yake yalizimika polepole. Hospitalini walisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kaka yangu, ambaye amejenga mjini Biharamulo, akasema mama ahamie kwake. Mama akasema hahami. Walibishana kwa simu msimu mzima, mimi nikiwa katikati kama mtoto wa wazazi walionuniana. Mwishoni mama mwenyewe ndiye aliyetoa sharti: kaka aje baada ya mavuno, ale maharage ambayo yeye ameyapepeta, ameyachambua na kuyapika bila mkono wa mtu mwingine. Yakilika, anabaki kwake. Yasipolika, atafunga mizigo.

Nilitoka Nyakahura, ninakouza vitenge, nikafika mapema siku hiyo. Niliambiwa nikae kwenye kigoda na mikono yangu niikalie. Sikucheka. Nilitaka sana abaki, kwa sababu sikuweza kumfikiria mama yangu akiwa mgeni kwenye nyumba yoyote.

Alilowesha shavu kwa kidole, akageuka taratibu mpaka shavu likapoa. Hapo akajua upepo unatoka wapi. Akarusha. Nimemwona akipepeta tangu nipate akili, lakini siku hiyo ndiyo nilisikia kupepeta. Punje zikirudi kwenye ungo zinagonga kwa sauti kavu. Maganda hayana sauti kabisa, yanaondoka kimya na kutua mbali kwenye majani ya migomba. Alikuwa anafuata ile sauti. Ikianza kutoroka upande mmoja, ungo unasogea huko.

Upepo ukakata.

"Kuna mwanamume hapo?" akauliza.

"Hakuna, mama."

Akapiga mluzi wake. Tukangoja. Majani ya migomba yakatikisika, naye akaendelea kana kwamba alikuwa na uhakika tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa naogopa mawe. Maharage yetu tunayapiga kwa fimbo hapohapo uani, na kokoto zinaingia humo. Upepo haujui jiwe. Unajua tu kipi chepesi na kipi kizito, na kokoto hushuka pamoja na punje bila kutofautishwa. Hapo ndipo watu wote hutumia macho. Mama alivuta beseni, akamimina maji. Punje zilizotobolewa na wadudu zikaelea, akazikusanya kwa kiganja na kuwatupia kuku. Nzima zilizama. Kisha akaanza kuhamisha kutoka beseni hili kwenda lile, akizungusha maji, ili punje zipande kidogo na kuvuka pamoja na maji huku mawe yakibaki nyuma. Kila mara alisimama, akapapasa chini ya beseni, akatoa kokoto na kuziweka kwenye pindo la khanga yake. Moyo wangu ulianza kutulia.

Alikuwa kwenye mzunguko wa mwisho pikipiki ya kaka ilipoingia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akageuza kichwa upande wa sauti, uso wote umefurahi, na mkono ukainamisha beseni zaidi ya ilivyotakiwa. Maji, punje na mawe, vyote vikavuka. Niliona. Niliikalia mikono yangu.

Aliyapika mwenyewe, tukala ndani, maharage kwa ndizi za kupika, na yalikuwa matamu. Kaka alikula kwa haraka ya mtu aliyetoka safari. Halafu kukasikika mlio mdogo mdomoni mwake, na taya likasimama.

Mimi na yeye tukatazamana. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta. Angeweza kulitema lile jiwe kwenye kiganja, likalia kwenye sahani, na mambo yakaisha hapo. Mama alikuwa ameacha kutafuna. Kaka akachukua kikombe cha maji, akanywa, na nikaona kitu kikishuka kooni mwake kwa shida.

"Yameiva vizuri, mama," akasema.

Kaka yangu ni mtu mgumu. Nimeishi naye kwa miaka mingi nikidhani anamtaka mama mjini ili watu wa kanisani kwake waone. Nilimpenda pale, kwa ghafla, mpaka nikaona haya.

Mama alitafuta ukingo wa sahani yake kwa vidole, akaisukuma pembeni.

"Umelimeza," akasema.

Nje kuku walikuwa bado wanagombania zile punje mbovu. Nilifikiri mama atakasirika, kwa sababu hapendi kudanganywa hata kwa wema. Alijifuta mikono kwa khanga, polepole, kidole kwa kidole, na zile kokoto alizokuwa amezihifadhi zikamwagika sakafuni.

"Hapo kwako uani," akamuuliza, "upepo unatoka upande gani?"

Kaka alikuwa ameijenga nyumba ile tofali kwa tofali, na hakujua.

"Basi nitauona mwenyewe nikifika," mama akasema, akaniomba nimletee ungo wake.