Kidole cha Duane

Lowell Stucky alilehemu maghala ya nafaka miaka thelathini na minane, akastaafu, na mwaka huohuo mikono ikaanza kutetemeka. Daktari hakumficha: itazidi, haitapona, na mwisho itafika akilini. Basi Lowell akajifungia gereji majira yote ya baridi akaunda ndege ya rimoti, ya njano, mabawa yake marefu kuliko meza ya jikoni. Alitaka kitu kimoja tu: airushe na kuitua mwenyewe, mara moja, kabla mikono haijamkatalia kabisa.

Aliyejitolea kumfundisha ni Duane. Ukimwuliza Duane, Indiana nzima hakuna ajuaye kurusha ndege ila yeye. Mafunzo yana rimoti mbili. Mwalimu akibana kitufe kwa kidole, ndege ni ya mwanafunzi. Akikiachia, inarudi kwake. Na Lowell, jamani, alikuwa hodari! Tangu Juni, kila Jumapili mezani, alimsimulia mkewe Noreen jinsi alivyoikatisha kona na kuishusha taratibu kwenye nyasi.

Jumamosi moja ya Septemba Noreen akaja kujionea, na kiti chake cha kukunja na bakuli la saladi ya viazi la kutosha chama kizima cha warusha ndege.

Ndege ikapaa juu ya shamba la soya. Ikazunguka, ikapita mbele yao imenyooka.

"Ni wewe huyo, Lowell?" Noreen akapaza sauti.

"Ala! Nani mwingine?"

Gib, rafiki yao, akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayebana kicheko. Duane akamkonyeza.

"Mzee, hebu weka rimoti yako mezani."

"Una wazimu? Itaanguka!"

"We weka tu."

Lowell akaiweka. Ndege ikajibinua tumbo juu, ikapita, ikajigeuza, ikawapungia bawa. Wanaume wakaangua kicheko, Gib hadi akakaa chini.

"Tangu lini?" Lowell akauliza.

"Tangu Juni, bwana! Kwa mikono hiyo nikupe ndege? Ungetumaliza sote!"

Watu wazima hovyo. Lakini hao angewavumilia. Kilichomchoma ni kwamba Noreen naye alicheka. Alijiziba mdomo upesi, ila alishaonwa.

Lowell akaichukua rimoti. "Nipe. Bana kitufe, unipe kweli."

"Usinune, mzee. Haya, yako hiyo."

Ndege ikaporomoka, bawa la kushoto likalala. Lowell akauma meno, akaiinua. Vidole vilitetemeka na ndege ikatetemeka navyo, ikayumba juu ya soya, ikageuka kwa upana mno, ikarudi chini mno. Akapunguza moto wa injini. Ikadunda, ikadunda tena, ikaserereka upande na kusimama pua ndani ya nyasi. Nzima!

Lowell akashusha rimoti. Akamgeukia mkewe.

Noreen alikuwa akimtazama Duane. "Inatosha sasa, Duane. Usimfanyie hivyo mume wangu."

"Nimeitua hovyo makusudi, shemeji," Duane akasema. "Nilikuwa namwigiza!"

Kicheko kikaanza upya. Lowell akakitafuta kidole cha Duane. Kilishatoka kwenye kitufe zamani.

"Ulikuwa umebana au hukubana?"

"Wewe unaonaje, mzee?"

Lowell aliiangalia mikono yake, akamwangalia mkewe aliyemwonea huruma, na akaona amwamini Duane. Aliivuta ndege kutoka kwenye nyasi, akampa Duane. "Ni yako. Imekuwa yako siku zote."

Duane akaichukua, tena bila haya.

Mwezi wa Februari, Gib alikwenda kunywa kahawa gereji kwa Duane, akaikuta ile ya njano inaning'inia darini. Akauliza, utani tu, siku ile ilikuwaje.

"Nilibana mwanzo hadi mwisho," Duane akasema. "Aliitua mwenyewe. Hata mimi nilishangaa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Si mlikuwa mnacheka?"

Gib akaweka kikombe chini. "Nenda kamwambie, Duane."

"Nikamwambie nini sasa? Noreen anamlisha kwa kijiko, na hata mimi hanijui tena."

Akamwongezea Gib kahawa.