Kanzu ya Kitani Isiyotaka Kukaliwa

Jamani, aibu hii nilikuwa nimeapa sitaisema, lakini kwa kuwa Mkokotoni nzima wanaijua, na watoto wa kule wakiniona wananisimamia wima kama askari wa gwaride, bora mnisikie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu akaongeza chumvi (na wala haihitaji, wallahi, imeshakolea).

Mdogo wangu Haji alimpenda msichana wa Mkokotoni, Mwanaisha, walisoma pamoja chuo kule Tunguu, na kupenda kwenyewe si kwa mchezo: chakula hali akamaliza, ukimuuliza saa anakujibu jina la mtu. Baba yetu kishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo posa ilikuwa juu ya Ami Shaibu, ndugu yake baba, na mimi kaka mkubwa. Msemaji alikuwa awe Ami, lakini mafua yakamkamata na sauti ikakauka kabisa, anatoa pumzi tu, basi usemaji ukaniangukia mimi. Na tulishasikia kwamba Mzee Makame, baba wa msichana, alikwisha kumrudisha mchumba mmoja wa mjini kwa sababu wajumbe wake walikuja na madharau. Haji akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho mekundu, akaniambia, "Kaka Sele, nakuomba. Kaseme nao vizuri. Huyu nikimkosa mimi sijui itakuwaje."

Sasa mtu mwenye akili angekwenda kufikiria maneno. Mimi nikafikiria kanzu.

Nilikuwa nimeshonesha kanzu ya kitani, kitani hasa, si hizi poliesta tunazovaa kila Ijumaa ambazo hata ukilala nazo unaamka zimenyooka. Kitani ni kitambaa cha watu wanaojijua, kinapepea, joto hulisikii, ila kina uadui na mwenyewe: kikikunjwa kinaweka kumbukumbu. Nikasema kitanijua. Usiku na mchana nilikuwa kwenye simu natazama video za watu wanaopiga pasi (ndiyo, nilifika huko), mpaka nikawa bingwa. Nikaifua kwa maji ya uvuguvugu, sikuikamua hata kidogo, maana kukamua ndiyo kuyaita makunyanzi kwa jina, nikaichovya kwenye dondo jepesi, ule wanga wa muhogo, nikaitundika kwenye henga ikichuruzika maji nikawa naivuta kwa mikono, bega huku, pindo kule. Kabla haijakauka nikaigeuza nje ndani nikaipiga pasi ya moto ingali mbichi mbichi, kwa sababu kitani kikishakauka hata uegemee pasi kwa kifua mkunjo hauondoki.

Ikatoka hiyo kanzu, jamani! Nyeupe, imenyooka, ukipitisha kiganja kinateleza chenyewe! Nikaifukiza udi, nikakaa mbali nikaitazama kama vile anayeoa ni mimi.

Dada yetu Saumu akapita, akaigusa, akasema, "Imenyooka kweli, mashaallah. Lakini ukikaa tu, basi, itakunjana. Ndivyo kitani kilivyo, kaka, wala isikushughulishe."

"Basi sitakaa," nikamwambia.

Ni hapo. Maneno mawili tu, na kila kilichotokea baadaye kilitoka humo.

Asubuhi ya safari Ami Shaibu alikuja na gari yake, akanikuta nimevaa msuli na fulana ya singlendi, kanzu nimeibeba kwenye henga nimeinyanyua juu kama bendera. Akanitazama, akanong'ona kwa ile sauti yake iliyokufa, "Sele, watu wanakwenda kuposa, wewe unakwenda kuoga?" Nikamweleza mpango: nitaitundika dirishani, nitaivaa tukifika. Akatikisa kichwa akawasha gari. Njia nzima nilikuwa nimegeuka nyuma kuilinda, kila shimo la barabara naisikia rohoni, nikamwambia apunguze mwendo mpaka baiskeli zikawa zinatupita.

Kufika Mkokotoni, pa kujisitiri hakuna, nikashuka karibu na soko nikaivalia nyuma ya gari, mikono juu, kichwa hakijui kitokee wapi (dondo lilikuwa limeifanya ngumu kidogo), na wauza samaki wakaacha biashara wakanitazama. Mmoja akapiga mluzi. Sikujali! Nilipojiangalia kwenye kioo cha gari hapakuwa na mkunjo hata mmoja, nikahisi hakuna mtu atakayeninyima kitu siku ile.

Nyumba ya Mzee Makame ni ya uani mpana, na uani pale pametandikwa mkeka mpya kabisa, wa rangi tatu, ambao Bi Mize, bibi yake Mwanaisha, ameusuka mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Tukasema hodi, tukapokewa, shikamoo, marahaba, Ami akakaa kitako vizuri akaanza kukohoa. Mzee Makame akanionyesha pangu.

"Karibu kitako, mwanangu."

"Ahsante mzee, mimi n'tasimama tu."

"Utasimama?"

"Naam. Jambo lenyewe fupi."

(Jambo lenyewe fupi! Natafutia mtu mke, nasema jambo fupi!) Mzee Makame akakunja uso. Ikaja kahawa na halua. Kahawa nikaikataa kwa mkono, maana tone moja tu juu ya kitani cheupe na kazi yote imekwisha. Halua ina mafuta, nayo nikaikataa. Nikarudi nyuma hatua moja nisije nikakanyagwa pindo, nikashika mikono mbele, nikajikaza uso ili nionekane mtu wa maana. Ami Shaibu ananivuta kanzu kwa chini nikae, na mimi namkunjulia vidole taratibu, maana ananikunjia.

Nisichokijua ni kwamba Bi Mize alikuwa nyuma ya pazia ananitazama. Na nisichokijua zaidi ni kwamba mwanawe mdogo, Kombo, yuko Maskati anafanya kazi dukani, na wiki ile alikuwa hajapiga simu. Na kule kwao, kama ilivyo kwetu sote tukifikiri vizuri, mgeni wa heri hukaa, hunywa, huzungumza mpaka mwenyewe akachoka. Anayefika na kanzu nyeupe akakataa mkeka, akakataa kahawa, akasimama mikono mbele na uso umekaza, huyo anakuja na habari moja tu. Ndivyo alivyoletewa habari ya mumewe, amesimama mtu vile vile, uani pale pale.

Basi mimi nafungua kinywa, "Mzee wangu, sisi leo tumekuja..."

"Kombo! Mwanangu Kombooo!"

Pazia likang'oka. Bi Mize akatoka mikono kichwani, akaanguka juu ya mkeka wake mpya, na nyuma yake wanawake wote wa nyumba, na Mwanaisha mwenyewe ambaye nilikuwa sijapata kumuona analia "Ami yangu! Ami yangu!" Mzee Makame akainuka ameshika kifua, Kombo ni mdogo wake. Mimi nikaganda. Nikajaribu kusema jamani ngojeni, nani atakusikia! Ukuta wa jirani ukatoa kichwa, kikatoweka, vikarudi vichwa kumi, na kabla sijavuta pumzi uani pamejaa, mwanamme mmoja kishafika na mikeka ya msiba kwapani, mwengine anauliza maiti inaletwa lini, na bwana mmoja mtu mzima akaja akanikumbatia kwa uchungu, akanibana, nikaisikia kanzu ikilia kraa mgongoni.

Na hapo, Mungu anisamehe, hapo ndipo nilipopiga ukelele wa kweli.

"Hajafa mtu! Hajafa mtu jamani! Ni kanzu!"

"Kanzu imefanya nini?" akauliza yule mwenye mikeka.

"Ni ya kitani," nikasema, na sauti ilikuwa inanitoka ndogo ndogo. "Ukikaa inakunjana. Ndiyo maana nimesimama. Tumekuja kuposa."

Mmoja alikuwa kishampigia Kombo simu ya video, na Kombo akatokea kwenye kioo, yuko nyuma ya kaunta, anakula mkate, anaona ukoo mzima unalia anapiga kelele, "Nani kafa? Nambieni! Nani kafa?" Bi Mize akaikumbata simu akaibusu, akamtukana kwa kutopiga, akaibusu tena. Watu wakaanza kucheka kwa chini chini, ila si Mzee Makame. Yeye alinitazama kuanzia kofia mpaka pindo, akasema pole pole, "Kwa hiyo kanzu yako ina hadhi kuliko mkeka wa mama yangu."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nilijua ni Haji. *Vipi kaka? Wamesemaje?* Moyo ukanipasuka jamani, nikamuona vile alivyonishika mkono, nikajiona mimi nilivyo, mpuuzi aliyenyooka.

Nikakaa. Sikukaa kwa kuinua kanzu kama watu wanavyofanya, nilijitupa kitako katikati ya mkeka, dondo likavunjika kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, nikakunja miguu, nikaikusanya kanzu yote mapajani kwa ngumi mbili. "Mzee," nikasema, "dharau si yetu. Ni ujinga, na ujinga wenyewe ni wangu peke yangu. Mdogo wangu hana habari. Yeye angekuja hapa na msuli uliotoboka akakaa mchangani mpaka mumjibu." Na machozi yakanitoka, sikuyaigiza.

Bi Mize akajivuta akakaa karibu yangu, bado anashusha kwikwi, akaangalia huku na huku akitafuta kitu cha kujifutia, kisha akaliokota pindo la kanzu yangu, pindo lile nililolivuta kwa mikono usiku kucha, akafuta macho, akafuta uso, akapenga na makamasi. Akalitazama.

"Kitambaa chenyewe kizuri," akasema. "Kinanyonya."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Ami Shaibu, na kwa kuwa sauti hana alicheka kama pampu ya baiskeli, na hicho ndicho kilichomvunja Mzee Makame. Uani pote pakaangua kicheko, mwenye mikeka ya msiba akaitandika hivyo hivyo watu wakae, ikaletwa kahawa nyengine, nikanywa, ikamwagika, sikuitazama. Mzee akasema jibu watalileta, kama desturi.

Likaja. Wamekubali, Haji akaruka mpaka kofia ikampotea. Ila kulikuwa na sharti moja la Bi Mize: kaka wa bwana harusi aje kwenye ndoa na kanzu ile ile, na isipigwe pasi.

Basi tangu pale nimeapa: kitani nitavaa, pasi nitapiga, lakini nikifika kwa watu, mimi na kanzu yangu tunakaa. Siku ya ndoa njia nzima niliikalia makusudi, na Haji pembeni yangu amenyooka kama kijiti cha mshikaki, ameshasahau kutoa pumzi. Watu wote na kanzu zao zinametameta, mimi kama karatasi iliyofungiwa njugu. Bi Mize alikuwa ananingoja mlangoni. Akanikagua, akaushika mkono wa kanzu akaufinya kwa nguvu, akaongeza mkunjo mmoja wake mwenyewe, akaridhika.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Nikakaa pale pale kizingitini, kabla hajamaliza kunikaribisha.