Kahawa Juu ya Vioo vya Maji Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa shoka. Vita na Uganda ilikuwa imeisha juzi tu. Watu wa Kyaka waliokimbilia kwetu walikuwa wanarudi makwao, na misheni yetu upande wa Muleba ilikuwa na wagonjwa wengi na kuni chache. Sista Mkuu, mama mrefu aliyetembea kama anakimbizwa na mvua, aliniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamwambia darasa la tatu, kisha baba akaona migomba haijipalilii. Akauliza sasa ninajua nini. Nikamjibu ninajua moto. Akacheka, akanipeleka chumba cha kufulia.

Huko kulikuwa na boila, yaani pipa la mafuta lililolazwa juu ya matofali, moto chini yake, bomba ubavuni. Kazi yangu ilikuwa kulilisha kuni mpaka maji yachemke, kisha nifue mashuka ya wodi. Nyinyi mnaobonyeza swichi hamjui pipa lile lilivyokula. Tulimaliza kuni za jirani, tukafuata za mbali, mwisho tukachoma hata mashina ya mibuni iliyozeeka, jambo ambalo bibi yangu angetulaani kwalo.

Miaka ikaenda, ugonjwa ukaja. Wengine waliuita Juliana, kama yale mashati ya magendo. Wodi zikajaa, wagonjwa wakawa wanauguzwa majumbani, na mgonjwa yule anataka kuogeshwa kila siku, siku nyingine mara tatu. Ndipo Bruda Fundi alipoleta mitambo ya jua. Alikuwa Mzungu mfupi, mikono kama koleo, Kiswahili chake kimenyooka kama msumari. Alifunga mitambo kwenye nyumba sita za wafanyakazi. Namba nne ilikuwa yangu.

Mtambo wenyewe niueleze, maana ndio ulionilisha. Juu ya paa kuna paneli mbili. Paneli ni sanduku la bati, ndani limepakwa rangi nyeusi na kupitishwa mabomba ya shaba, juu limefunikwa kioo. Juu zaidi ya paneli kuna tangi. Maji ya baridi ni mazito, yanashuka kutoka tangini kuingia paneli. Jua likiyapiga yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe kurudi tangini. Hakuna pampu, hakuna umeme. Bruda Fundi aliwafundisha vijana wawili wenye vyeti vya ufundi, na mimi akanialika nishike ngazi. Wale wenye vyeti walichora kwenye madaftari. Mimi nilimwambia nimeelewa, ndivyo uji unavyojizungusha chunguni. Akanitazama. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza mimi kwanza.

Haukupita mwaka, kijana mmoja akahamia visiwani kununua samaki, mwingine akafuata mke Mwanza. Ngazi ikabaki kwangu. Mwanamke kupanda paa kulizua maneno. Nilivaa suruali ya mume wangu chini ya kanga, nikapanda. Wanawake wa kisimani wakasema Ma Kemi sasa atafuga ndevu. Niliwajibu kutoka juu kwamba nikizipata nitawagawia, maana wengine waume zao hawana.

Mvua ikinyesha mtambo ulikuwa mpole kama mbuzi. Balaa lilikuja kiangazi, kile tunachokiita ekyanda. Jua la mwezi wa sita linaegemea upande wa Uganda, na Bruda alikuwa amezielekeza paneli hukohuko, kwa hiyo lilizitazama uso kwa uso kutwa nzima, anga haina wingu. Maji yasipotumika yanazidi kupata moto. Mshale wa kipimajoto ukivuka tisini, valvu ya usalama, kile kifuniko chenye springi juu ya tangi, inafunguka na kutema mvuke ili tangi lisipasuke.

Kitabu cha mtambo kilisema hatari hiyo huja mwenye nyumba akienda likizo. Bruda alinisomea. Nikamwambia huku hakuna anayekwenda likizo, ila tunakwenda matangani. Miaka ile tulizika wiki hadi wiki. Mtu akifa kijijini Kanazi, nyumba zote sita zinafungwa, watu wanakaa huko siku nne, na maji hayaguswi. Ukirudi unakuta bati linalia na valvu inatema kama paka aliyekanyagwa mkia.

Bruda alileta maturubai ya kufunikia vioo. Mawazo mazuri, lakini turubai huku lina kazi moja, kuwakinga waombolezaji jua. Msiba ukitokea lilikuwa la kwanza kushushwa, na liliporudi lilikuwa limeshaahidiwa msiba mwingine. Nikataka mikeka. Kiangazi ndio mavuno ya kahawa, na kila mkeka wa Muleba ulikuwa umelala chini na kahawa juu yake. Ukimwomba mtu mkeka wake mwezi wa saba ni kama umemwomba meno.

Basi Karani wa Stoo, aliyekaa nyumba namba mbili, akafanya alichofanya. Alikuwa mtu wa kubana. Maji ya kiangazi yanatekwa kwa jasho, naye akaona valvu inatema yake bure. Akachukua mpira wa tairi la baiskeli, ule ambao kwetu unafunga kila kitu kuanzia mzigo wa ndizi hadi mguu wa kitanda, akaizungushia valvu mpaka ikanyamaza. Kisha akaenda kuzika shemeji yake.

Alasiri ya pili tangi lilipasuka. Mlio ule uliwakimbiza watu migombani, wengine wakidhani vita imerudi. Ubavu wa tangi ulifunguka kama kopo la samaki, mabati matatu yakaruka, na maji yakaanguka barazani mahali ambapo watoto wa Karani huchezea. Siku hiyo walikuwa matangani na mama yao. Aliyekufa aliwaokoa.

Bruda Fundi hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaushika ule mpira muda mrefu. Kisha akasema, “Mama Kemi, nitashusha yote. Sitaua watoto kwa maji ya kuoga.”

Nilirudi nyumbani. Ndani alikuwa amelala mdogo wangu Kokugonza. Alikuwa msichana wa kucheza ngoma mpaka vumbi lipande, sasa nilimbeba kwa mkono mmoja. Ngozi yake ilikuwa na vidonda, na kitu kimoja tu kilimpa nafuu, maji ya moto ya asubuhi. Akiogeshwa analala. Asipoogeshwa anajikuna hadi damu. Kuni za kumchemshia maji kila siku sikuwa nazo, wala nguvu za kwenda kuzitafuta kisha nikafue mashuka ya wodi nzima. Nilipomwambia mitambo inashushwa, akasema, “Dada, mwambie Bruda anishushe mimi kwanza. Mtambo una kazi.”

Nilikaa uani nikitazama kahawa yangu mkekani, nyekundu, imetandazwa vizuri, ikinywa jua. Kahawa inataka jua jingi. Vioo vilikuwa na jua la kutupa. Nikajiuliza kwa nini nahangaika kuuhamisha mkeka kutoka kwenye kahawa, wakati kahawa yenyewe ni mkeka.

Nikapanda na madebe mawili, nikaitandaza juu ya kioo. Iliteremka yote. Ilinyesha juu ya kuku na juu ya Sista Mkuu aliyekuwa anapita. Alitoa punje moja kwenye kilemba, akaitazama, akaendelea na safari yake. Nilishuka nikaomba papi, zile mbao nyembamba za darini, nikazipigilia pembeni mwa sanduku na mbili katikati kuvuka kioo, zikawa kama matuta ya shamba. Safari hii ilitulia. Jioni mshale ulikuwa umeshuka hadi sitini.

Bruda alipopanda na spana zake za kuja kufungua, alikuta kahawa. Aliniuliza ni nani aliyegeuza mtambo wake kuwa uwanja wa kuanikia. Nikasema ni mimi. Nikamweleza: watu wakiwepo nyumbani, funika paneli moja, acha moja, maji ya kuoga yanatosha. Watu wakienda msibani, funika zote mbili. Na hakuna atakayeiba au kuazima kifuniko hiki, maana ni kahawa yake mwenyewe na hajaikausha bado. Hakuna Mhaya atakayesahau kufunika mtambo ikiwa kufunika ndiko kuanika.

Alifikiri. Siku hiyohiyo zikaja habari kwamba Katekista Mzee amefariki, na misheni nzima ingekwenda kuzika siku nne. Akasema, “Vizuri. Nendeni wote. Mimi nabaki. Mtambo mmoja ukitema, nitashusha yote mitano.”

Tulitandaza kahawa ya watu, hata ya Karani, kwenye nyumba zote tano zenye mtambo mzima, tukaondoka. Msiba ule niliulia mara mbili. Wenzangu walimlilia Katekista, nami nilimlilia yeye na bado nikabakiza machozi ya mtambo. Kila jua lilipowaka nilihesabu vioo kichwani. Mama mmoja alinishika bega akasema, pole, kumbe mlipendana hivyo na marehemu.

Yaliyotokea nyuma alinisimulia Kokugonza, ambaye hakuweza kusafiri na aliachiwa jirani wa kumtazama. Bruda alikuwa akizunguka na ngazi kutoka nyumba hadi nyumba, anapanda, anasoma kipimajoto, anaandika. Siku ya pili Kokugonza aliomba atolewe nje akalazwa kwenye jamvi. Akamwita Bruda. Akamwambia kahawa isipogeuzwa inaoza chini, na ikioza wenye kahawa hawatafunika mtambo tena, kwa hiyo akitaka mtambo upone na aigeuze. Bruda akasema hiyo si kazi yake. Mdogo wangu akamjibu, “Bojo, tafadhali, hata mimi kulala si kazi yangu, lakini naifanya vizuri.”

Mzungu yule alipanda paa tano kila siku kwa siku tatu akigeuza kahawa kwa kipande cha mbao, na akifika paa la kwangu, mgonjwa jamvini akimwelekeza: huko kona umeacha, rudi, taratibu, unaitwanga. Kokugonza alisema hajacheka hivyo tangu augue.

Tuliporudi nilimkuta Bruda barazani kwangu, uso mwekundu kuliko kahawa. Akanipa daftari. Nikamwambia asome yeye.

“Mitano yote. Hakuna uliovuka sabini na tano.”

“Na kahawa?”

“Ya Karani bado mbichi chini. Niachie mpaka Ijumaa.”

Mitambo haikushushwa. Nyumba namba mbili ikapata tangi jipya, na Karani akaapa mbele ya mkewe kutogusa valvu hata ikimtukana.

Baadaye nilihamishiwa Bukoba mjini, nyumba za wafanyakazi pale Kibeta. Nilimkuta Mhandisi wa Majengo, kijana wa tai, akasema kahawa juu ya kioo ni ushamba. Kiangazi cha kwanza valvu zake tatu zilitema siku moja, akaja taratibu kuniuliza inatandazwaje. Pale mibuni ilikuwa michache, kwa hiyo tulisuka majani makavu ya migomba, mazito kama blanketi. Kazi ni ileile. Funika kabla jua halijakomaa, kioo kikiwa bado cha baridi. Usiingize maji ya baridi kwenye paneli tupu iliyochomwa na jua, itapasuka. Valvu usiizibe kwa chochote. Na mvua za mwezi wa tisa zikianza, osha kioo, maana utomvu wa kahawa unakipofusha, utaoga baridi hadi Krismasi ukilaumu jua.

Sasa nimestaafu, niko Kanazi na wajukuu wananiita Fundi. Siku ya kuniaga, Meneja wetu wa Bukoba alisema nimetumikia mitambo kwa uaminifu. Alikosea kidogo, na kwa kuwa keki ilikuwa bado haijakatwa sikumsahihisha. Sikutumikia mitambo. Kokugonza aliishi kiangazi kile, na mvua zilizofuata, na kiangazi kingine. Dawa hazikuwepo, leo zipo, na wengi walio kama yeye wanalima na kuzaa. Yeye alikuwa na maji. Asubuhi yake ya mwisho niliyachanganya, nikamwosha mgongo, akaniambia yamezidi moto kidogo, niongeze baridi. Nikaongeza. Akasema hapo sawa, akafumba macho, maji yakimchuruzika mabegani.